Jeli ya mapafu huanzia machinjioni

Nikiwaeleza ndugu zangu wa Bombo kazi ninayofanya, ya kutengeneza jeli kutokana na mapafu ya wanyama, swali la kwanza huwa: "Ya mnyama gani?" Nikiwaeleza watu wa maabara, huuliza: "Mnatumia sabuni gani?" Nimeishi na maswali yote mawili kwa muda wa kutosha, na leo naamua kesi: ndugu zangu ndio wanaouliza vizuri. Najua wao wanauliza kwa sababu ya nguruwe. Lakini hata tukimweka nguruwe pembeni, mnyama ni yupi, kachinjwa vipi, na pafu lake limepita mikononi mwa nani kabla ya kunifikia, hayo ndiyo yanayoamua kama nitapata jeli au nitapata maji machafu yenye povu.

Kwa asiyenijua: mimi ni Mnubi, Mwislamu wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, nafanya utafiti katika maabara ya chuo kimoja hapa Kampala. Naandika Kiswahili ili binamu zangu wa Kibera na marafiki wa Goma na Mwanza wasome wenyewe, wasiningoje niwasimulie kwa simu.

Kazi yenyewe ni hii. Tunachukua mapafu ya mnyama na kuziondoa seli zake zote kwa sabuni za maabara. Kinachobaki ni ule mfumo wa nyuzi uliokuwa umezishikilia seli hizo, unaoitwa matriksi: kolajeni kwa wingi, yaani protini ya nyuzi imara, elastini inayolifanya pafu livutike na kurudi, laminini, fibronektini, na minyororo ya sukari inayoshika maji. Tunaukausha, tunausaga uwe unga, tunauyeyusha kwa kimeng'enya ndani ya asidi. Uoevu unaopatikana ukiurekebisha chumvi na asidi yake, kisha ukaupasha hadi nyuzi joto 37, unaganda na kuwa haidrojeli. Ni kitu laini, karibu chote ni maji, na ndani yake unaweza kupanda seli za mapafu ya binadamu zikaishi zikiwa zimezungukwa pande zote, kama zilivyozoea mwilini.

Hilo la kuzungukwa lina uzito. Seli ikiwekwa juu ya sahani ya plastiki hujitandaza na kuanza tabia ambazo hazipo ndani ya kifua cha mtu. Maabara nyingi duniani hukwepa tatizo hili kwa kununua Matrigel, ambayo hutolewa kwenye uvimbe wa saratani ya panya, ule uitwao Engelbreth-Holm-Swarm. Ni bidhaa nzuri, siikatai. Lakini ni ghali, husafiri ikiwa imegandishwa kwa barafu, na ikipata joto njiani inakuwa jeli ndani ya chupa na hairudi tena kuwa uoevu. Aliyewahi kusubiri mzigo wa baridi kutoka Entebbe anajua moyo unavyodunda wakati wa kufungua boksi. Isitoshe, uvimbe wa panya si pafu. Mimi nataka kuona seli ya pafu ikiwa kwenye nyumba ya pafu, na Kampala mapafu hayajawahi kuadimika.

Tena ni rahisi mno kuyapata. Nyama ya ng'ombe imepanda bei hadi watu wanaipimia kwa robo, lakini pafu bado wengi hulinunua kwa ajili ya mbwa.

Mimi huenda machinjio ya Old Port Bell Road kabla jua halijachomoza. Ng'ombe wengi pale wameshushwa kwenye malori usiku, wale wenye pembe ndefu za Ankole wakiwamo. Kuna mzee auzaye matumbo na mapafu. Mimi namwita Haji, yeye ananiita musawo ingawa nimeshamweleza kwamba sitibu mtu. Mwanzoni nilimwomba anitafutie mapafu mazima, yasiyoguswa na kisu. Nilikuwa na sababu yangu.

Sababu ilikuwa mapafu ya panya. Mwaka 2010 makundi mawili ya Marekani, la Laura Niklason kule Yale na la Harald Ott kule Boston, yaliosha mapafu ya panya kwa kuipitisha sabuni ndani ya mishipa ya damu mpaka seli zote zikatoka na umbo la pafu likabaki. Wakapanda seli mpya, wakayarudisha mapafu hayo vifuani mwa panya hai. Yakapitisha hewa: ya Yale kwa dakika 45 hadi 120, ya Boston kwa saa 6 hivi. Mwaka 2018 Joan Nichols na wenzake wa Galveston, Texas, waliwawekea nguruwe mapafu yaliyotengenezwa hivyo, na mmoja wao akafuatiliwa hadi miezi 2. Ukisoma habari kama hizo ukiwa mwanafunzi, na nchini mwako hata figo imeanza kupandikizwa hospitali ya Mulago mwishoni mwa 2023 tu, kichwa kinawaka. Ukitaka kuosha pafu zima kupitia mishipa, lazima ngozi yake ya nje iwe haina tundu. Likitoboka sehemu moja, sabuni yote inakimbilia hapo na kwingine hakufiki.

Haji alicheka. Akaniambia, "Musawo, pafu lisilokatwa ni pafu lisilokaguliwa. Hilo ndilo unataka kulipeleka kwenu?"

Nikanyamaza, maana alikuwa sahihi kabisa. Mkaguzi wa nyama hulipapasa pafu kwa vidole kutafuta vinundu, kisha hulichanja, na huzichanja pia tezi zilizo kando ya koromeo na katikati ya mapafu. Anatafuta kifua kikuu cha ng'ombe. Anatafuta homa ya mapafu ya ng'ombe, ile inayolifanya pafu linate ukutani mwa kifua. Anatafuta malengelenge ya minyoo ya tegu. Kisu chake ndicho kinachonilinda mimi, mwenzangu wa maabara, na dereva wa boda anayebeba boksi la barafu mgongoni. Kumwomba aache kukata ili mimi nipate umbo zuri ingekuwa wazimu.

Hapo ndipo jeli inaposhinda. Kwa pafu zima, mkato wa mkaguzi ni msiba. Kwa jeli hauna maana yoyote, kwa sababu mimi mwenyewe nikifika maabara nitalikatakata pafu vipande vidogo. Nchi inayochinja kwa kisu, inayokagua kwa kisu, isiyo na pampu ya kupitisha sabuni kwa mwendo mmoja usiku na mchana, ina kila sababu ya kuanza na jeli. Naona vijana wetu wakiandika mapendekezo ya utafiti ya kutengeneza pafu zima Kampala, nami huwauliza watayapata wapi mapafu mazima. Sijajibiwa.

Machinjio huacha alama nyingine pia. Ng'ombe anapokatwa koo akiwa na fahamu, kama ilivyo desturi katika uchinjaji wa dini yetu, anaendelea kuvuta pumzi kwa muda, na damu huingia kwenye koromeo lililokatwa na kuteremka hadi ndani. Wakati mwingine yaliyomo tumboni hupanda kupitia umio na kuingia njia ya hewa; nimekuta majani yaliyotafunwa kwenye matawi ya pafu, mbali kabisa na koo. Kwa nguruwe mambo ni tofauti. Yeye huchovywa kwenye maji ya moto, nyuzi 60 hivi, ili manyoya yang'oke, na maji hayo yenye vinyweleo na kinyesi huweza kuingia hadi mapafuni. Kwa hiyo pafu la ng'ombe huja na damu, la nguruwe huja na maji ya birika. Ukisoma makala za Ulaya na Marekani utaona wameandika "mapafu kutoka machinjioni" wakapita. Hawasemi yalikuwa na nini ndani. Mimi nadhani tofauti nyingi kati ya jeli ya maabara moja na nyingine zinaanzia hapo, kabla sabuni haijafunguliwa.

Kuna jingine: saa. Mara mnyama anapokufa, vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli zake mwenyewe huanza kuzila nyuzi. Ndiyo maana nakwenda alfajiri, na ndiyo maana boksi la barafu linatangulia hata kifungua kinywa. Msongamano wa magari kuelekea mjini ukishaanza, kila dakika ni kolajeni inayopotea.

Maabarani sehemu ndefu ni kisu na mikasi. Pafu la ng'ombe lina uzito, na ukilitazama juu unaona limegawanyika vyumba vyumba kwa kuta za nyuzi zinazoonekana kwa macho. Kuna tawi la hewa linalochomoka upande wa kulia kabla koromeo halijagawanyika. Sisi binadamu hatuna, ng'ombe na nguruwe wanalo, na kila mwanafunzi mpya hulikata akidhani ni uvimbe. Tunaondoa koromeo, matawi makubwa yenye pete za gegedu, na mishipa minene. Tunachotaka ni ile nyama laini yenye vifuko vya hewa. Gegedu likibaki, unga wako utakuwa na gegedu, na jeli utakayopata haitakuwa ya sehemu inayopumua. Kazi hii hairahisishwi na mashine yoyote niijuayo. Mwenzangu wa Masaka huimba akiifanya. Mimi huweka redio.

Kisha kuosha. Maji yaliyotoneshwa kwanza, ambayo kwa kukosa chumvi huzipasua seli. Halafu sabuni iitwayo Triton X-100 ya asilimia 0.1. Halafu sodiamu deoksikoleti ya asilimia 2, ambayo asili yake ni chumvi ya nyongo. Yaani tunaliosha pafu la mnyama kwa kitu cha aina ileile ambayo mwili wake ulikuwa ukiitumia kusaga mafuta. Halafu chumvi ya kawaida ya nguvu kubwa, halafu kimeng'enya kinachokata DNA, halafu asidi ya peraseti kidogo ndani ya alkoholi ili kuua vijidudu. Kati ya kila hatua, maji, maji, maji. Yote hayo katika baridi ya nyuzi 4, chombo kikitikiswa polepole. Kuna sabuni kali zaidi, ile SDS, na inafanya kazi haraka, ila inang'ang'ania kwenye nyuzi, na ikibaki inaua seli utakazopanda baadaye. Bora taratibu.

Hatua ya deoksikoleti ina mambo yake. Seli zikipasuka, DNA yao inamwagika na kuwa ute mzito unaonata kwenye kila kitu. Anayeona mara ya kwanza anafikiri jeli imeshapatikana. Ni kinyume chake. Huo ute ndio uchafu tunaoutafuta, na ukiuacha utakaukia ndani. Kimeng'enya cha kukata DNA hakifanyi kazi bila magnesiamu na kalisiamu, kwa hiyo mtu akikiyeyusha kwenye maji matupu ya kutoneshwa anapoteza chupa ya bei kubwa bila hata kelele.

Unajuaje kama pafu limeosheka? Macho hayatoshi, ingawa vipande huwa vyeupe kabisa. Tangu 2011 wengi tunafuata vipimo vilivyopendekezwa na kundi la Stephen Badylak wa Pittsburgh: DNA isizidi nanogramu 50 kwa kila miligramu ya matriksi kavu, vipande vya DNA vilivyobaki viwe vifupi kuliko jozi 200 za besi, yaani herufi zake za kijenetiki, na chini ya hadubini usione kiini cha seli hata kimoja. Kundi hilohilo ndilo lililoeleza, mwaka 2008, namna ya kugeuza matriksi ya kibofu cha nguruwe kuwa jeli, na sisi wa mapafu tumefuata nyayo zake. Kikwazo changu hapa ni damu. Pafu lililovuta damu wakati wa kuchinjwa lina seli nyingi nyeupe zilizojificha kwenye vifuko, na kila moja ina DNA yake. Ndiyo maana mapafu ya ng'ombe hunidai maji mengi kuliko ya nguruwe. Haikuandikwa kwenye mwongozo wowote tuliokuwa nao.

Baada ya kukausha na kusaga, inakuja hatua ya kuyeyusha, ambayo kwa watu wa Kampala naieleza kwa mulokoni. Kwato za ng'ombe zikichemshwa usiku kucha, supu yake ukiiweka kwenye friji inaganda, ukiipasha inayeyuka. Hiyo ni kolajeni iliyoharibiwa na moto: zile nyuzi tatu zilizokuwa zimesukwa pamoja zimefumuka, na tunaiita jelatini. Jeli yetu hufanya kinyume. Kwenye barafu ni uoevu, kwenye joto la mwili inaganda, kwa sababu msuko wa nyuzi tatu bado ni mzima na joto linaufanya ujipange upya. Kwa hiyo kazi yote ya kuyeyusha ni kukata ncha za kolajeni bila kuufumua msuko. Ukiona jeli yako inaganda kwenye friji na kuyeyuka kwenye inkubeta, umepika mulokoni.

Tunaweka miligramu 10 za unga na miligramu 1 ya pepsini, kile kimeng'enya cha kuyeyushia, kwa kila mililita ya asidi hafifu ya haidrokloriki, tunakoroga siku mbili au tatu. Vitabu vinasema "joto la chumba". Chumba cha nani? Chumba chenye paa la bati na dirisha linalotazama magharibi, saa tisa alasiri mwezi wa pili, si chumba cha Pittsburgh. Na sahani ya sumaku ya kukorogea yenyewe hupata joto ikizunguka usiku kucha. Sisi tumeihamishia kona yenye ubaridi na kuweka ubao mwembamba kati ya chupa na sahani. Tangu hapo siku za mulokoni zimepungua. Ukishamaliza, unaweka chupa kwenye barafu, unaongeza sodiamu haidroksaidi tone kwa tone mpaka asidi ifike ile ya mwili, unarekebisha chumvi, unaingiza seli, unapeleka kwenye joto. Nusu saa baadaye unapindua kijichupa juu chini. Kisipomwagika, unamwita kila mtu aje aone.

Sasa pepsini. Hapa ndipo shangazi yangu alinipata.

Nilikuwa nimekwenda Bombo, na nilikuwa nimejiandaa vizuri kwa swali la mnyama. Nikamwambia shangazi kwamba upande wangu wa maabara ni ng'ombe tu, aliyechinjwa kwa bismillahi, na mapafu ya nguruwe anayashika mwenzangu wa Masaka, ambaye jioni hana tatizo la kumla vilevile. Akaridhika. Kisha akauliza, kwa upole, "Na hicho kinachoyeyusha, mwanangu, kinatoka wapi?" Pepsini inayouzwa kwa maabara hutolewa kwenye utando wa tumbo la nguruwe. Nikamwambia.

"Kwa hiyo," akasema, "ng'ombe wa halali unammeng'enya kwa tumbo la nguruwe."

Sijawahi kuulizwa swali kali namna hiyo kwenye mkutano wowote wa kisayansi. Nilimweleza kwamba kimeng'enya ni kidogo, kwamba kinazimika asidi ikishaondolewa, kwamba hakuna anayekula jeli wala kuwekewa mwilini. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kama huwa naosha mikono mara saba, moja kwa udongo. Ndivyo tulivyofundishwa sisi wa madhehebu ya Shafii.

Nilikwenda kumwuliza sheikh mmoja ninayemwamini. Naye alitaka kujua kwanza kama kuna mtu atakayekula au kuwekewa. Nikasema hapana. Akasema basi vaa glavu, nawa, fanya kazi yako. Na siku mtakapotaka kumwekea mtu, njoo tena, maana hapo wanazuoni wanatofautiana: wako wanaosema kitu kikigeuka kabisa asili yake na hukumu hugeuka, na wako wasiokubali kirahisi. Mimi si mwanazuoni na sitaingia humo. Najua tu kwamba hospitali zilishafika mahali hapo kabla yetu. Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati hupewa dawa ya kuyafanya mapafu yafunguke. Curosurf hutoka mapafu ya nguruwe, Survanta hutoka mapafu ya ng'ombe. Heparini ya kuzuia damu kuganda kwa kawaida hutoka utumbo wa nguruwe. Mzazi aliye wodini na mtoto wa kilo moja na nusu haulizwi mambo haya kwa utulivu niliokuwa nao mimi kwenye kibaraza cha shangazi.

Ndiyo maana naona tuyaulize sasa, wakati bado ni utafiti. Mwenzangu wa Masaka hakubaliani nami. Anasema nguruwe ana makala nyingi zaidi za kulinganisha, mapafu yake yanakaribia yetu kwa ukubwa, na kwenye machinjio ya nguruwe ya Wambizzi kule Nalukolongo mtu anapata ya kutosha. Yote kweli. Anasema pia kwamba ng'ombe hana nafuu yoyote kwa upande wa kinga ya mwili, na hapo tena ana haki: ng'ombe na nguruwe wote wana ile sukari ya alfa-gal ambayo miili yetu sisi binadamu imeshaitengenezea kingamwili, kwa hiyo lazima ioshwe kwa yeyote kati yao. Lakini mimi nafikiria karatasi ya ridhaa itakayosomwa siku moja na mtu wa Bombo, au Arua, au Mbale. Tukifika hapo na miaka kumi ya kazi ya nguruwe peke yake, tutakuwa tumewafungia mlango watu wetu kabla hawajabisha. Kwa sasa tunatengeneza zote mbili sambamba, na kila chupa ina jina la mnyama juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko tarehe. Na pepsini pia inaandikwa asili yake. Nataka kujaribu kuyeyusha matriksi ya ng'ombe bila pepsini kabisa, kwa urea, ingawa jeli inayotoka kwa njia hiyo haifanani na hii.

Watu huniuliza lini tutatengeneza pafu. Hatutengenezi pafu. Pafu la binadamu lina vifuko vya hewa mamia ya mamilioni na aina za seli zipatazo 40, na jeli yangu haina hata elastini ya maana, kwa sababu pepsini hushindwa kuimeng'enya elastini iliyokomaa na inabaki kama mashapo chini ya chupa. Ninachokitaka ni kidogo zaidi na kiko karibu zaidi na wagonjwa wetu. Hapa Uganda mtu anameza dawa za kifua kikuu miezi 6, makohozi yanapimwa, anaambiwa amepona. Kisha anapanda ngazi moja anashika ukuta. Vijidudu vimekufa, kovu limebaki. Kovu lina ugumu wake. Pafu la binadamu lisilo na ugonjwa lina ugumu wa kilopaskali 2 hivi. Lenye kovu la ule ugonjwa wa kovu usiojulikana chanzo limepimwa likafika 16 hivi. Fibroblasti, seli zinazosuka kolajeni, zikijikuta kwenye mahali pagumu huanza kusuka kolajeni zaidi, na pakizidi kuwa pagumu husuka zaidi tena.

Jeli yetu ya kawaida ni laini mno kwa kazi hiyo, laini hata kuliko pafu lisilo na ugonjwa. Kule Groningen, Uholanzi, mwaka 2020 walionyesha kwamba jeli ya mapafu ya binadamu inaweza kufuata ugumu wa pafu lilikotoka, lenye kovu likatoa jeli ngumu zaidi. Wao wana mapafu ya wagonjwa waliopandikizwa mengine. Sisi tuna ng'ombe asiye mgonjwa na lazima tuigumushe jeli yake wenyewe. Tunajaribu jenipini, ambayo hutolewa kwenye tunda la gadenia na huzifunga nyuzi pamoja bila sumu kali ya formalini. Inageuza jeli kuwa ya buluu, na buluu hiyo inasumbua hadubini yetu ya mwanga. Njia nyingine ni riboflavini na mwanga wa buluu, ambayo ni nafuu. Bado tunapima.

Ninachohitaji zaidi sasa hivi si mashine. Ni habari za mnyama. Jeli ya ng'ombe mzee aliyetembea nyika miaka kumi haigandi sawa na ya ndama wa maziwa, maana kolajeni hufungamana zaidi kadiri umri unavyokwenda na pepsini huihangaikia. Na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikifunga minada, ng'ombe wanaanza kutoka wilaya nyingine kabisa, nami naiona tofauti kwenye chupa bila kujua sababu. Haji hujitahidi, lakini pafu likishafika mezani kwake limeshatengana na kichwa, na kwenye kichwa ndiko meno yanayoonyesha umri.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi machinjioni Mbale, Gulu au Mbarara, hasa kama ni mkaguzi: kama unaweza kunipatia umri kwa meno, jinsia, mahali alikotoka, na ulichokiona ulipochanja tezi, niandikie. Mapafu ya mbuzi pia nayataka. Kata kadiri unavyopaswa kukata. Boksi la barafu nitalileta mwenyewe.